Kifuko cha Maji Jichoni

Nilizaliwa na makengeza. Jicho la kulia lilimtazama mtu, la kushoto likatazama pua. Nafundisha chekechea hapa Bofu, upande wa Likoni, na zamani nikisema, "Wewe, simama," walisimama watoto wawili.

Siku bandeji ilipotolewa baada ya upasuaji wa kulinyoosha jicho, nilijifungia chumbani na kioo. Macho yote mawili yalinitazama mimi! Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka mama akagonga mlango, akidhani nimeumwa na nge.

Miezi mitatu baadaye, kwenye weupe wa jicho lile la kushoto, kikaota kilengelenge cheupe kinachong'aa, ukubwa wa punje ya mtama. Hakikuuma, ila kila nikipepesa nilihisi kama kuna mchanga. Nikajiuliza: je, jicho linarudi lilikotoka? Mama akaja na marashi ya mawaridi, dawa yake ya macho.

"Fumbua jicho, mwanangu."

"Mama, wallahi hutii tone humu kabla daktari hajaona."

Asubuhi tukavuka feri pamoja hadi hospitalini. Daktari, mwanamke mpole, ndiye yule yule aliyenipasua. Alinichungulia kwa mashine yake, kisha akacheka kidogo.

"Jicho halijarudi upande, na hii si saratani. Tulipokushona, kipande cha ile ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho kilifukiwa ndani. Kikajifanyia kifuko, kikajaa maji. Hutokea mara chache."

"Basi kitoboe, daktari!"

"Nikikitoboa kitajaa tena. Lazima kitoke kizima, na ukuta wake."

Akanitia matone ya ganzi, kisha sindano ndogo. Niliona taa tu, na kivuli cha mkono wake. Nikasikia mkasi.

"Usitikisike... kinakuja... taratibu..." Ghafla akapaza sauti kama mtoto: "Kimetoka! Kizima!"

Nikaomba kukiona. Kilikuwa kinaelea kwenye kichupa, kitu kidogo hata aibu. Mama aliyekuwa akingoja nje alikiangalia, akaliangalia jicho langu jekundu, akanikumbatia. "Alhamdulillahi! Na mie nilikwishakuombolezea."

Wekundu ulipoisha nikaenda kwa mpiga picha Likoni. "Tazama hapa, dada," akasema. Nikatazama pale pale, kwa macho yote mawili, nikicheka. Alinisafishia picha nane. Mama akazichukua sita, akawagawia mashangazi wote kabla ya adhuhuri.