Meza ya Darubini, Upande wa Kushoto

Kazini walimwita Darubini, na shangazi yangu alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake ilikuwa kutazama picha. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya wavivu. Nami nilidhani hivyo mpaka siku aliponipeleka maabara. Chumba kilikuwa na mapazia mazito na meza pana nyeupe, na juu ya meza taa ilitupa picha ya filamu: mistari myembamba kama nyuzi, kila mmoja ni njia ya chembe iliyopita kwenye tangi la kimiminika ikaacha viputo.

"Zenye chaji ya umeme ndizo zinazoacha mistari," aliniambia. "Mesoni, aina ya chembe, ikiwa haina chaji haiachi kitu. Inapita kimya, halafu inavunjika na kuzaa mbili, moja chanya, nyingine hasi. Hizo mbili ndizo zinazomsema mama yao."

Akaweka kidole mahali patupu kabisa. Mbele kidogo, mistari miwili ilichomoza kwenye nukta moja, ikaachana kama herufi V. Hizo V ndizo alizozihesabu kwa miaka ishirini na miwili, akiandika kila moja iko kushoto au kulia kwa mkondo wa chembe.

Utaratibu wa pale ni kwamba kila filamu hutazamwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha hesabu zinalinganishwa. Lakini mwaka ule mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, na Daktari, mtafiti mkuu, akasema Darubini peke yake anatosha. Sifa nyingine ni mtego, bwana.

Baada ya miezi mitatu Daktari alikuwa hashikiki kwa furaha. V za kulia zilikuwa nyingi kuliko za kushoto, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kana kwamba mesoni zimechagua upande wa kuvunjikia. Akaanza kuandika ripoti ya kupeleka mkutanoni.

"Una uhakika, mama?" alimuuliza shangazi.

"Nina uhakika na nilichokiona."

Jibu lilikuwa la kweli, na lilimnyima hamu ya kula wiki nzima.

Mimi niliyeishi naye nilikuwa nimeanza kuona mambo. Bega lake la kushoto liligonga fremu ya mlango wa jikoni kila mara. Kikombe kikiwekwa kushoto kwake, aliuliza chai yake iko wapi. "Shangazi, huu mlango una kisirani na wewe," nilimtania. Hakucheka, naye ni mtu anayecheka hata vichekesho vyangu vibovu.

Jumamosi, tukikunja nguo, akanieleza yote.

"Jicho la kushoto limeingia giza pembeni. Nikisema, nimekwisha. Watanitoa mezani, na sina kingine ninachokijua, mwanangu."

"Na usiposema?"

"Yule mtu atasimama mbele ya wenzake aseme kosa langu, akidhani ni siri ya ulimwengu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Lakini wahenga hawakumjua shangazi yangu bila meza yake. Nilitaka kumwambia anyamaze, nakiri bila aibu. Badala yake nikaendelea kukunja shuka.

Jumatatu nilimsindikiza. Alichukua filamu ya kwanza ya msimu ule, akaipachika kwenye mashine ikiwa imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Akaitazama upya yote mbele ya Daktari, kisha akaweka karatasi mpya kando ya ile ya zamani. V nyingi zilikuwa tena kulia kwa meza, wakati sasa zilipaswa kuonekana kushoto. Baadhi ya alizoziandika zamani hakuziona safari hii, na nyingine ambazo hakuwahi kuziandika sasa zilikuwepo.

"Mesoni haziwezi kubadili upande wa kuvunjikia eti kwa sababu nimegeuza filamu," alisema. "Anayependelea kulia ni mimi, Daktari. Jicho langu limekwenda."

 Daktari akazikunja karatasi za ripoti yake mara mbili.

"Umeniokoa na aibu," alisema. "Sijui nikushukuru vipi kwa kitu kilichoniuma hivi."

Shangazi alitolewa mezani siku ile ile. Sitapamba maneno: alilia kwenye ngazi, nami nikalia naye. Baada ya wiki mbili walimwita awafundishe watazamaji wapya, lakini kufundisha si kutazama, na alilijua hilo.

Nyumbani nikaanza kumwekea kikombe upande wa kulia. Siku ya tatu akakichukua, akakirudisha mwenyewe kushoto.

"Kiache hapo hapo," akasema, akigeuza shingo polepole mpaka akakipata. "Miaka ishirini na miwili nimetafuta visivyoonekana, kikombe kitanishinda?"