Taa ya Juu ya Mafiga

Mzee Jofrey Mligo alijifunza umeme peke yake, kwa kitabu kilichotupwa misheni, na nyumba nyingi za Njombe alizifunga nyaya yeye. Lakini jikoni kwake balbu tatu zilikuwa zimeungua mwezi huo.

"Baba Timoth, fundi wa watu, kwako giza!" mkewe Esnath alimtania.

"Balbu za siku hizi hizo."

Alizima swichi kuu, akapanda kigoda, akafungua holda inayoshika balbu. Masizi yalikuwa yamejaa humo, na shaba inayogusa balbu imeliwa na cheche. Kosa lilikuwa lake: aliitundika taa juu ya mafiga, kwenye moshi na joto, ili awaone wajukuu nyuso wakiota moto na kusikiliza hadithi.

"Weka holda mpya kule mlangoni, itadumu," alisema Esnath.

"Hapa motoni tutaonanaje?"

"Nani na nani, mume wangu? Wajukuu wamekuja kutoka Makambako, wiki nzima sasa. Umemwona hata mmoja hapa? Wako sebuleni na simu zao."

Mzee alishuka kigodani. Aliihamishia taa mlangoni, ikawaka vizuri. Kisha akaviondoa vigoda vyote motoni, akabakiza viwili.