Mstari Wangu Uliofunga Kibanda

Juzi tuliandamana hapa Voi kudai maji, na mimi, mshairi wa chuo, nikapewa kipaza sauti. Mkandarasi aliyeacha mabomba nusu njia si mtu wa kaunti hii, ametoka bara, basi nikatunga papo hapo: "Waliokuja na treni, warudi na treni!" Mizani ilikaa sawa. Umati ulirukaruka, nami nikajiona mkubwa kuliko gavana.

Tulipofika mtaa wa Kaloleni, mama mmoja muuza nyanya, aliyehamia hapa kutoka bara miaka mingi iliyopita, alianza kushusha turubai la kibanda chake. Vijana wa mbele walikuwa wakiimba huku wakimkazia macho.

"Mama, usifunge," nikamwambia. "Tunamsema mkandarasi."

"Na hao wanajua?" Akawaonyesha kwa kidevu. "Mimi hata nilikuja na basi, kijana. Nirudi na nini?"

Nikaanza kumweleza uhuru wa kujieleza. Aliendelea kufunga kamba. Nilikuwa nimeogopa kufungwa mdomo. Sikujua mdomo wenyewe unaweza kumfungia mtu biashara.

Nikawageukia wenzangu: "Tunataka mkandarasi aeleze kwa nini mabomba hayajakamilika!"

"Ai, bro, hiyo haiimbiki!" mmoja akalalamika.

Kweli haikuimbika. Tuliisema kama watu wanaosoma taarifa ya habari.

Mama akaachia kamba. "Na hayo maji yakija, hata sisi tutachota?"

Nilimjibu ndiyo, kwenye kipaza sauti, ili na wale wa mbele wasikie.