Kutazama Mapaa Maskati

Mzee Abdulswamadu wa Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, alikata boriti tangu ndevu hazijamtoka mpaka zilipoanza kuwa nyeupe, na katika muda wote huo hakuwahi kulala chini ya paa la boriti. Nyumba yake ilikuwa ya fito na udongo, juu makuti, kama za wenzake. Boriti zilikuwa za kuuza. Maji yakipwa aliingia mikokoni na shoka, tope likimfika mapajani, akakata mikoko iliyonyooka, akaibeba begani mpaka ukingoni. Matajiri wakaja, wakapakia, wakaenda zao Arabuni. Bega lake lilibaki na sugu ngumu kama kisigino. Huko boriti zilikokwenda zilifanya kazi gani, hakuna aliyeuliza. Ila Shaabani, bila kuulizwa, alijibu.

"Waarabu wanazipikia," alisema Shaabani. "Mimi na wewe ni wakata kuni."

Shaabani alikuwa mtoto wa mjomba wake, na kwao watoto wa mjomba na wa shangazi ni watani: mmoja aweza kumwambia mwenzake lolote, hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo Abdulswamadu hakununa. Aliendelea kunoa shoka. Mdogo wake, Ismaily, alifia kazini, siku rundo la boriti lilipoporomoka ukingoni likamlalia. Walimzika, na boriti zile zile zikapakiwa, kwa sababu chombo kilikuwa kinangoja. Mtu kufa kwa ajili ya nyumba ya watu, hilo Abdulswamadu aliweza kulibeba. Kufa kwa ajili ya kuni, hilo hakuliweza.

Miaka ikapita. Ukataji ukasimamishwa, naye akahamia Kibiti kwa mwanawe Haruni. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Duka ambalo zamani watu walilipangia foleni kwa kipande cha sabuni, sasa lilikuwa na sabuni za kila rangi na muuzaji aliyesinzia. Haruni aliuza mitumba karibu na kituo cha mabasi, na mitumba ikampeleka baba yake kuhiji mwaka wa tisini na nne. Shaabani naye alilipiwa na mkwewe. Ndegeni wakakalishwa kiti kwa kiti, na Abdulswamadu akaona kwamba hija yake imekwisha kuanza, maana alitakiwa awe na subira.

Ndege yao ilitua Maskati asubuhi. Ya kuwapeleka Jeddah ilikuwa ya jioni. Mahujaji wenzao walitandika mikeka wakajilaza. Abdulswamadu, Shaabani nyuma yake, alimwendea ofisa wa uhamiaji, ambaye alikuwa mtu wa Unguja kwa asili na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko kanzu ya mgeni wake.

"Unataka kutoka uende wapi, mzee?"

"Mjini."

"Una jamaa mjini?"

"Nina boriti."

 Ofisa akazishika pasi zao mbili, akamwita dereva wa teksi aitwaye Nasoro, akamwambia hawa wazee wawe wamerudi alasiri.

Nasoro alikuwa na njia yake ya kuwazungusha wageni. Aliwapeleka ngomeni, Abdulswamadu akauliza kama ndani mna paa, akaambiwa leo pamefungwa. Aliwapeleka soko la dhahabu. Sonara alimwaga bangili mbele yao, na Abdulswamadu akainua macho juu: zege. Waliingia msikitini, wakaswali rakaa mbili, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akatazama juu: zege.

"Mtoto wa shangazi," alisema Shaabani, "wenzako sokoni wanatazama chini, labda pete imedondoka. Wewe unatazama juu kama popo anayetafuta chumba cha kupanga."

"Nani kakuambia unifuate?"

"Nimekufuata nishuhudie jiko."

Hotelini ndipo moyo wa Abdulswamadu uliporuka. Ukumbi mzima juu ulikuwa umepangwa boriti, nyekundu, nzuri. Alivuta kiti, akapanda, na kabla mlinzi hajafika akagonga moja kwa kidole. Ikalia kama debe tupu. Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya mti.

"Kuni zimewaishia," alisema Shaabani kwa huruma. "Sasa wanachoma plastiki."

Mlinzi aliwasindikiza nje kwa adabu. Garini Nasoro, aliyekuwa akimtazama Abdulswamadu kwenye kioo, akauliza hasa wanatafuta nini. Akaelezwa.

"Paa la zamani? Si mngesema! Kwa Bi Biasha, Matrah, lipo. Wanawe wanataka kulivunja wajenge zege, yeye hataki."

Bi Biasha alikuwa ajuza aliyezaliwa Zanzibar, na nyumba ilikuwa ya baba yake. Aliwakaribisha kwa halua na kahawa kabla hajawauliza majina. Nasoro alibaki nje akilinda gari. Abdulswamadu aliinua macho, na kikombe kikamtulia mkononi.

Boriti zilikuwa zimelala juu yao moja kando ya moja, zimekuwa nyeusi kwa moshi wa udi. Aliomba ruhusa alale chali. Bi Biasha, ambaye alikuwa ameshaona wageni wa kila namna, alimpa mto.

Alizitazama kutoka ukuta hadi ukuta. Ulikuwa mkoko, hilo alilijua. Ni nani aliyeukata hakuweza kulijua, wala hakujidanganya. Lakini ulikuwa umebeba nyumba.

"Wanangu wote nimewazalia chumba hiki," alisema Bi Biasha akimimina kahawa. "Boriti za Lamu hizo. Marehemu baba ndiye aliyezileta."

Shaabani akaweka kikombe chini.

"Za wapi?"

"Lamu."

"Bibi, hizo ni za Rufiji."

"Mwanangu, baba alinambia kwa mdomo wake."

"Basi aliyemwuzia alimdanganya!"

"Shaabani," Abdulswamadu alisema kutoka sakafuni, "tupo kwa watu."

"Nyamaza wewe! Ismaily alifia Lamu?"

 Tangu maziko Abdulswamadu hakuwa amemsikia mtani wake akilitaja jina hilo. Aliinuka, akakaa kitako.

"Ismaily ndiye nani?" aliuliza Bi Biasha.

Abdulswamadu alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Shaabani. Alieleza ukingo ulivyokuwa, na utelezi, na rundo lilivyokwenda. Kwamba yeye ndiye aliyemtolea kijana boriti kifuani, moja baada ya moja, na alipoifikia ya mwisho hapakuwa na haja tena. Alieleza bila mzaha hata mmoja, na jambo hilo lilimtisha Abdulswamadu kidogo.

Bi Biasha alilitazama paa lake.

"Basi ni za Rufiji," alisema. "Baba alikuwa msahaulifu sana." Akaweka birika kando, akajifunika ushungi vizuri. "Ismaily bin nani?"

Wakamtajia.

Nje Nasoro alipiga honi. Akapiga tena, ndefu. Mwishowe akaingia mwenyewe, funguo mkononi, tayari kufoka kwamba ndege haimsubiri mtu, akawakuta wazee watatu wamekaa chini ya boriti wameinua viganja, wanasoma fatiha. Akavua viatu, akakaa karibu na mlango, akainua vyake.