Bomba Lililong'aa Mno

Zamani, mjini Fresno, mtu alibadilisha injini Jumamosi na Jumapili akaenda nayo misani; sasa anaibadilisha kwa wiki moja na kuiombea kibali cha moshi cha serikali miezi minne.

Rogelio Urrutia, mchomeleaji mstaafu, alilijua hilo alipoahidi kulifufua gari la marehemu kaka yake Nacho, Chevrolet ya mwaka 1979. Delfina, mjane wa Nacho, alimpa hadi mwisho wa Novemba.

"Shemeji, likikosa kibali, yule mnunuzi wa Arizona anakuja na trela. Mimi sifugi chuma uani."

Kama lingepita, lingekuwa la Maribel, binti yake na Nacho.

Injini aliing'oa kwenye pikapu ya 2003 iliyogongwa nyuma, akaja nayo na kila waya, kompyuta yake, kichujio cha moshi, hata kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli. Hapo hakukosea. Alikoponzwa ni kwenye desturi: kwao, gari la kutembeza Jumapili halifunuliwi boneti kama halimeremeti ndani. Bomba la kuvutia hewa alilolinunua jipya alilisugua siku mbili, akalipeleka likapakwa kromi, mpaka akaziona ndevu zake humo.

Mkaguzi wa serikali, Kou Vang, alilimulika kwa tochi.

"Mzee, namba ya kibali ya hili bomba iko wapi?"

"Ilichongwa hapo ubavuni."

"Hapo naona sura yangu tu."

"Sura yenyewe si mbaya. Iandike."

Vang alicheka, ila hakuandika. "Moshi safi, nyaya safi. Lakini bomba la dukani lisilo na namba siwezi kulipitisha. Rudi na lile la kiwandani."

"Lile la plastiki nyeusi? Bwana mdogo, lile ni bomba la choo."

"Basi niletee la choo. Hilo napitisha."

Lile lililokuja na injini Rogelio alikuwa amelitupa; alizunguka makaburi ya magari siku tatu, akalipata moja lenye vumbi la shamba la zabibu. Alilifunga bila kulifuta. Tarehe ishirini na tisa Vang alibandika kibali kwenye nguzo ya mlango.

Delfina alikigusa kwa kidole. "Haka kakaratasi ndiko kametutesa hivi?"

"Ndiko."

"Nacho angekabandua."

"Ndiyo maana hakuwahi kupata."

Mara ya mwisho Rogelio kuwaona ilikuwa Januari, Maribel akihamia Sacramento kikazi, ameshika usukani, mama yake ameketi kando.

"Baba mdogo, boneti inafunguliwaje?"

"Utaifungua ya nini? Hakuna cha kuona."

Maribel akaliondoa gari. Enzi za Nacho, majirani walijua kwa mngurumo kwamba amefika kona ya pili kabla hajatokeza. Sasa gari lilipita pale kimya, likawasha taa ya kukata kulia, likasubiri mama mwenye kigari cha mtoto avuke, likakata.