Vijia vya Mlimani Kwenda Ikola kwa Anastazia

Nilitoka nyumbani Kakese kwa ajili ya binti yangu Anastazia. Alikuwa ameolewa Ikola, kule ziwani, na mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa peke yake ndani, mumewe Fideli yuko majini anavua. Sasa alikuwa na ya pili. Hiyo ni miaka ya tisini, masika ile iliyokata barabara mpaka malori yakakoma. Habari aliniletea Joakimu, muuza dagaa aliyekuwa akipita milimani na baiskeli.

"Mama, binti yako mzito sasa," aliniambia. "Anasema safari hii asiachwe peke yake. Anakutaka wewe."

Mume wangu Servasi akasema ningoje barabara ikauke. Nikamwambia, mtoto hangoji barabara.

Asubuhi tuliondoka watatu: Joakimu na baiskeli yenye gunia la mahindi nyuma, mimi, na wifi yangu Leokadia, dada yake Servasi. Leokadia alikuja kunisindikiza, lakini mdomo wake ulitangulia. "Wifi, hiyo miguu umeiazima kwa nani? Mbona inakataa kwenda?" Nikamjibu, "Ya kaka yako, ndiyo maana mivivu." Joakimu akacheka mpaka akasimamisha baiskeli.

Baada ya mashamba tuliingia miombo. Nyasi zilikuwa kifuani, zimejaa umande, tukalowa kama tumevuka mto. Tulilala njiani kwa watu wema, na Sibwesa tulifika miguu imevimba. Tulipokelewa na Mama Yustina, anayelima karanga pale, akatuwekea maji ya moto na ugali wa muhogo. Alipojua ninakokwenda akanifungia karanga za mzazi. "Za kurudishia damu," akasema. "Na wewe usile njiani!"

Kutoka Sibwesa ndipo milima ilipoanza. Mimi nilidhani mlimani kuna njia moja. Kumbe ni vijia vingi, vinaachana, vinakutana tena, vinapotelea kwenye mawe, na kila kimoja upana wake ni mtu mmoja tu. Joakimu alivijua kama mtu anavyojua watoto wake. Kinachozunguka ubavu wa mlima na kupanda polepole, hicho cha baiskeli. Kinachopanda wima ni cha wenye miguu na haraka. Kinachoingia porini kama hakijui kinakokwenda, hicho cha warina asali.

"Nyie fuateni alama ya tairi," alisema. "Mkiona tairi, mmeniona mimi."

Kwenye kupanda tulisukuma wote, Leokadia akihesabia kama tunatwanga. Juu kulikuwa na upepo baridi na maua ya njano ambayo sikuyajua jina, na hilo liliniudhi. Ndipo mteremko ukaanza. Joakimu akakata tawi lenye majani mengi, akalifunga nyuma ya baiskeli liburuzike chini. Breki za baiskeli yake hazikuweza mzigo ule, na wauza dagaa wote wa milima ile hufanya hivyo, tawi ndilo linaloshika ardhi.

"Nikianza kushuka siwezi kusimama," akasema. "Tutaonana chini kwenye kijito." Akaondoka, tawi linarusha tope na majani, anapiga kengele.

Tukafuata. Mbele kidogo njia ikagawanyika. Ya kulia haikuwa na tairi hata moja. Ya kushoto ilikuwa na tairi bichi kabisa.

"Hilo hapo," Leokadia akasema.

"Hilo hapo," nami nikasema, tukashika kushoto.

Tulitembea mpaka jua likaelemea upande wa ziwa, kijito hatukioni. Tulichokiona ni moshi, na mzee mmoja chini ya mzinga wa gome, baiskeli yake imeegemea mti. Ni Mzee Kasiano, Mbende, mwenyeji wa milima ile, mrina asali.

"Karibuni," akasema. "Nani kawaleta huku?"

"Tumefuata tairi la Joakimu."

Akatazama baiskeli yake, akatutazama sisi, akaanza kucheka. "Mmenifuata mimi! Mama zangu, mteremkoni hakuna tairi. Tawi linakuja nyuma, linafagia kila kitu. Njia iliyofagiwa ndiyo yenyewe."

Leokadia akageuka kuitazama njia tuliyotoka. Mimi nilikaa chini nikalia, maana jua lilikuwa linazama na Anastazia alikuwa ananingoja. Mzee Kasiano akaacha kucheka. Akatupa asali na viazi, akatuonyesha pa kulala, akasema usiku haendi mtu kwenye mawe yale.

Kulipokucha alitusindikiza mpaka kwenye njia panda. Hapo tukamkuta Joakimu anapanda kwa miguu, sauti imemkauka kwa kutuita. Mzigo wake aliuacha porini.

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza, mwanangu. Tushuke."

Mchana tuliliona ziwa, kisha harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ikatupokea. Sikusalimia mtu. Nyumbani kwa Fideli nilimkuta mama mmoja amekaa mlangoni, kitoto kimelala mapajani pake.

"Amahoro, mama," akanisalimia kwa Kirundi chao. "Ni msichana. Kaja usiku wa kuamkia leo."

Huyo ndiye Daforoza, jirani. Watu wake walitoka Burundi. Fideli alikuwa majini; Daforoza akasikia Anastazia anaita mama, akaja yeye. Alimshika mgongo usiku kucha, akampokea mtoto, akafua na nguo.

Anastazia alikuwa mzima. Alinishika mkono hakuuachia.

"Mama, nilikuita."

"Nilikuwa mlimani, mwanangu. Nilipotea."

Kwetu aliyempokea mtoto ndiye anayemtaja jina, na wote walijua nilitaka la kwangu, Matilda. Daforoza naye alijua. Akanyoosha mikono anipe mtoto: "Mtaje wewe, bibi yake." Nilimbeba. Alikuwa mwepesi, ana joto la usingizi. Nikasema, "Anaitwa Daforoza."

Nilikaa Ikola mpaka binti akaanza kuchota maji mwenyewe. Kisha tukarudi kwa vijia vile vile, na safari hii Leokadia ndiye aliyetangulia, akijidai mwenyeji.

Kakese majirani walikuja kunipa pole na hongera. Mama Paskalina akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia.

"Daforoza? Mbona jina hilo hatulijui? Ni wa ukoo gani huyo?"

Nilikuwa nimejifunza safari ile kwamba mtoto wako anaweza kukuita, na anayeitika akawa mtu usiyemjua. Nikamjibu, "Ni wa kwetu."