Mstari wa Juu wa Madame Mélanie

Hebu fikiria, mtoto anafukuzwa darasani kwa sababu hakununua karatasi za mkuu wa shule! Ndivyo ilivyokuwa Likasi mwaka ule wa tisini na sita. Viwanda vimelala, akina baba wanarudi nyumbani mikono mitupu, na Monsieur Barnabé, préfet, yaani huyo mkuu wa shule, anawauzia watoto wao masomo yaliyochapwa. Usiponunua, mtihani hufanyi.

Jambo hilo lilimuudhi Mélanie, mwalimu wa biolojia shuleni hapo. Siku alipomwona Orpa, msichana mwerevu kuliko wote, amesimama nje ya dirisha akinyoosha shingo asikie somo, alikwenda parokiani kuomba kompyuta. Akaanza kuandika somo zima la biolojia, kila mtoto apewe bure. Asubuhi ya kwanza umeme wa bwawa la Koni ulikatika, maandishi yote yakapotea. Alilia kwa hasira. Tangu hapo hakumaliza aya bila kuihifadhi kwenye disketi. Na juu kabisa aliweka mstari mmoja wa Kiswahili, wazazi nao waelewe: Hii ni ya bure. Nakili, mupe mwenzako. Haiuzishwe.

Kazi ilipokwisha, Barnabé akaingia parokiani, akasimama nyuma ya kiti cha Mélanie.

“Madame, toa huo mustari. Ninaenda kuchapisha Lubumbashi.”

“Monsieur le Préfet, miye niliandikia batoto. Haiko ya kuuzisha.”

“Weye uko mwalimu ao uko mama wa bantu bote? Toa, ao utafute kazi fasi ingine.”

Jasho la mwenzake, yeye anaona chumo! Mélanie akaufuta mstari, herufi kwa herufi, yule bwana akichungulia. Kisha mikono yake, iliyozoea kuhifadhi kila aya, akaituliza mapajani. Hakuhifadhi. Barnabé hakujua kwamba kilichofutwa kwenye skrini bado kimo ndani ya disketi. Akaizima mashine mwenyewe, akachomoa disketi, akaitia mfukoni.

Wiki iliyofuata akaingia darasani na mafurushi yaliyofungwa kamba kama yalivyotoka Lubumbashi. Akachomoa nakala moja, akampa Mélanie awasomee watoto. Mélanie akamwita Orpa kutoka dirishani, akamkabidhi nakala ile.

“Soma, tangu juu.”

Orpa akasoma: “Hii ni ya bure. Nakili, mupe mwenzako. Haiuzishwe.”

Barnabé akamgeukia Mélanie.

“Madame, ule mustari ulitoa!”

“Nilitoa, Monsieur le Préfet. Mulijionea na macho yenu.”

Mélanie akakata kamba, akaanza kuwagawia watoto. Orpa akaenda kukaa kwenye dawati lake.